Pikipiki ya Silinda Mbili na Dawa ya Mtetemo Wake

Wengi wenu mmezoea pikipiki za boda boda zinazopita Mubuku kutwa, zikienda Kasese na kurudi na abiria, magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi. Karibu zote zina silinda moja ndogo. Leo nataka kuwaeleza habari za pikipiki ya namna nyingine, yenye silinda mbili, na jinsi nilivyohangaika kuipunguzia mtetemo. Nasema kuipunguzia, wala sisemi kuiondolea, na sababu ya kuchagua neno hilo mtaiona mbele.

Pikipiki yenyewe ni BSA Golden Flash, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Aina hii ilitangazwa mwaka 1949, na aliyeibuni injini yake ni Bert Hopwood. Kila silinda ina upana wa milimita 70, na pistoni husafiri milimita 84 kutoka chini mpaka juu. Mwenye kujua hesabu ya mcheduara ataona kuwa silinda mbili za namna hiyo hufanya sentimita za ujazo 646.

Mwenye mali ni baba yangu mdogo, ambaye aliinunua katika ujana wake alipokuwa na kazi Kasese. Baadaye ilikaa bandani miaka mingi, kuku wakitaga chini ya tangi lake. Fundi mmoja aliwahi kuifungua na kuifufua, ikawaka vizuri, tukafurahi. Lakini ilitetemeka kupita kiasi. Mwendo ukifika maili 40 kwa saa, kioo cha kutazama nyuma hakikuonyesha kitu ila ukungu. Ukifika nyumbani mikono inawasha, na kikombe cha chai hukisikii vidoleni.

Siku moja nilikwenda nayo Bwera sokoni, na binti wa kaka yangu amekaa nyuma. Wakati wa kurudi, karibu na njia panda ya Kikorongo, yule mtoto akaniambia, "Baba mdogo, nasikia harufu ya petroli." Nikasimama upesi na kuzima injini. Tangi lilikuwa limepasuka chini, pale linaposhikwa na bolti, na petroli inadondokea juu ya silinda yenye moto. Tukashuka, tukakaa mbali chini ya mti mpaka chuma kikapoa. Sikusema neno kwa muda mrefu. Nilikuwa nikifikiri ingekuwaje kama mtoto yule angekuwa na mafua siku ile.

Mzee aliposikia habari hiyo alisema pikipiki iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikamwomba anipe nafasi mpaka Krismasi, akakubali kwa sharti moja, kwamba hapandi mtu nyuma mpaka yeye mwenyewe aijaribu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza mambo nitakayowaeleza.

KWA NINI INATETEMEKA

Wafikirieni watu wawili wanaotwanga, kila mmoja na kinu chake, na vinu vyote viwili vimewekwa juu ya ubao mmoja. Wakiinua michi pamoja na kuishusha pamoja, ubao mzima utarukaruka. Wakipokezana, huyu anainua na yule anashusha, ubao hautaruka sana, lakini utayumba upande huu na upande huu kama mtumbwi.

Injini ya Golden Flash ni kama wale wanaotwanga pamoja. Pistoni zake mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Labda utauliza, kwa nini Waingereza walichagua njia hiyo? Sababu ni kwamba pistoni zikienda pamoja, milipuko hufuatana kwa nafasi sawa: mzunguko huu silinda ya kushoto, mzunguko ujao ya kulia. Mlio huwa laini, na kabureta moja hutosha kulisha silinda zote mbili bila taabu. Edward Turner aliitumia njia hiyo katika Triumph Speed Twin ya mwaka 1937, na baada ya vita viwanda vingine vya Uingereza vikamfuata. Wajapani wa Honda, katika CB72, walichagua njia ya kupokezana. Nguvu kubwa ya juu na chini ikauawa, ikabaki ile ya kuyumba, na milipuko ikawa haina nafasi sawa. Kila njia ina faida yake na deni lake.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu mtu hawezi kuamini. Golden Flash ikienda kama maili 50 kwa saa kwa gia ya nne, injini huzunguka kama mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Kila mzunguko pistoni hupanda mpaka juu, husimama, hurudi chini, husimama tena. Kitu kinachosimamishwa na kusukumwa upesi namna hiyo huwa kama kimeongezeka uzito. Chukua nusu ya safari ya pistoni, yaani mita 0.042, uizidishe kwa mraba wa mwendo wa kuzunguka, ambao ni radiani 314 kwa sekunde. Utapata kama 4,140. Gawanya kwa mvuto wa dunia, 9.8, utapata kama 420. Maana yake, kila gramu 1 ya pistoni, ifikapo mwisho wa safari yake, huvuta kama gramu 420. Tuseme kila pistoni pamoja na ringi zake, pini yake na sehemu ya juu ya mkono wake ni nusu kilo. Zote mbili ni kilo 1. Basi kilo hiyo moja huivuta injini kwa nguvu ya kilo 420, juu na chini, mara 50 kwa sekunde!

Tena angalieni neno mraba. Mwendo wa injini ukiwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndiyo maana pikipiki iliyo pole mjini Kasese hugeuka mwendawazimu kwenye barabara iliyonyooka.

Mtengenezaji hakulala. Katikati ya krankishafti kuna gurudumu zito, na upande mmoja wake umeachiwa uzito zaidi, mkabala na pistoni. Pistoni zikipanda, uzito huo hushuka. Lakini hapa pana mtego. Pistoni huenda juu na chini tu, na ule uzito huzunguka. Ukiwa chini unaipinga pistoni vizuri, lakini ukiwa mbele au nyuma hauna wa kuupinga, nao huivuta injini mbele na nyuma. Ukiweka uzito wa kutosha kuipinga nusu ya nguvu ya pistoni, kilo 420 zetu hupungua kuwa 210 juu na chini, lakini 210 nyingine huzaliwa mbele na nyuma. Ukiipinga yote, mtetemo wa juu na chini umekwisha, na wa mbele na nyuma umekuwa 420. Mtetemo haukufa, umehama nyumba tu. Kwa injini za namna hii mafundi huchagua kadiri fulani, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 85, kwa kutazama fremu ina nguvu upande gani.

Kuna na mtetemo mwingine mdogo, unaopiga mara mbili kila mzunguko, kwa sababu mkono wa pistoni hulala upande na kuifanya pistoni ikimbie zaidi katika nusu ya juu ya safari yake. Huo uzito wa gurudumu hauwezi kuupinga hata kidogo.

Basi ndiyo maana nimesema kupunguza. Mtetemo wa kuzaliwa nao tutauvumilia. Tunaouwinda ni ule ulioongezwa na uchakavu na uvivu wa mafundi.

KWANZA, MTAFUTE MWENYE KOSA

Kabla ya kufungua hata nati moja, nilifanya majaribio matatu. Niliweka gia huru, pikipiki imesimama, nikapandisha mwendo wa injini. Mtetemo ukija hapo, unatoka injini. Kisha nikaenda mwendo barabarani, nikakamata klachi na kuiacha injini ipunguze. Mtetemo ukiendelea, kosa ni la magurudumu au mataili. Mwisho, nikautafuta ule unaokuja wakati injini inavuta mzigo tu. Huo mara nyingi ni wa cheni au klachi. Yangu ilitetemeka katika jaribio la kwanza. Kosa lilikuwa ndani ya injini au pale inaposhikwa.

Nikanunua daftari, nikaweka sharti: nitengeneze jambo moja, niende kutoka Mubuku mpaka Kasese na kurudi, niandike kioo kimeanza ukungu katika mwendo gani. Mtu akibadili mambo matano siku moja hajui lipi lililomponya.

PILI, BOLTI ZA KUSHIKIA INJINI

Jambo hili ni la bei ndogo, na watu wengi hulipita. Injini hushikwa kwenye fremu kwa mabamba ya chuma na bolti ndefu. Matundu ya mabamba yangu yalikuwa yameliwa yakawa kama yai, si duara. Injini iliyolegea haitetemeki tu, inapiga nyundo. Nikayajaza matundu kwa welding, nikayatoboa upya kwa kipimo, nikaweka bolti mpya zinazoingia kwa kusukumwa.

Nikakuta pia nafasi ya milimita 2 kati ya bamba moja na fremu. Fundi wa kwanza aliikaza bolti mpaka fremu ikajipinda kulifuata bamba. Hilo ni kosa. Chuma kilichokazwa kwa kupindwa kimekwisha kuchoka kabla ya safari kuanza. Jaza nafasi kwa washa nyembamba, ndipo ukaze. Ingiza bolti zote kwanza bila kukaza, kisha kaza za chini, na umalizie kile kibamba kinachoshika kichwa cha injini juu. Kibamba hicho kidogo watu hukitupa wakidhani ni pambo. Changu hakikuwapo kabisa, nikatengeneza kipya.

Baada ya kazi hiyo kioo kilikuwa safi mpaka maili 45.

TATU, CHECHE ZA KUSHOTO NA KULIA

Pikipiki hii hupata cheche kutoka magneto ya Lucas, ambayo ina ponti za kufunguka mara moja kwa kila silinda. Ponti zikifunguka mapema kwa silinda moja na kuchelewa kwa nyingine, mlipuko mmoja una nguvu na mwingine ni mnyonge, na injini huenda kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Nikafunga duara la karatasi ngumu lenye digrii kwenye krankishafti, nikaweka kipande cha karatasi nyembamba kati ya ponti. Karatasi ikilegea, ndipo ponti zinapofunguka. Nikaona silinda ya kulia imechelewa digrii 4 nyuma ya ya kushoto, kwa sababu ringi ya kamu ilikuwa imelika upande mmoja. Nikapata nyingine, nikaweka nafasi ya ponti milimita 0.3, na tofauti ikawa digrii 1. Mtetemo katika mwendo wa polepole ukapungua sana, lakini juu ya maili 45 haukubadilika.

NNE, MIZANI YA MNUNUZI WA VANILA

Sasa ilinibidi kuifungua injini. Mkulima yeyote wa Kasese au Bwera anajua kwamba mnunuzi wa vanila huja na mizani ndogo isiyosamehe hata gramu moja. Nilimwomba mmoja anipimie pistoni zangu. Alicheka, kisha akanyamaza alipoona hesabu: pistoni moja ilikuwa nzito kuliko mwenzake kwa gramu 38. Moja ilikuwa ya asili, na nyingine ya kiwanda kingine kabisa.

Rudini kwenye hesabu yetu. Gramu 38 mara 420 ni kama kilo 16. Katika maili 50 kwa saa, upande mmoja wa injini ulikuwa unavutwa kilo 16 zaidi ya mwingine, mara 50 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipojua nani aliyepasua tangi.

Nikanunua pistoni mbili za jozi moja. Hata hizo zilitofautiana gramu 4, maana neno jozi kwenye boksi si kiapo. Nikaisugua ile nzito kwa tupa, ndani, kwenye ukingo wa chini, mbali na pini na mbali na kichwa, nikipima kila baada ya dakika chache, mpaka tofauti ikawa chini ya gramu 1. Mikono ya pistoni nayo nikaipima, kwanza mzima, kisha ncha moja moja, ncha nyingine ikiwa imetegemezwa na mkono umelala sawasawa, kwa kuwa ncha ya juu huhesabiwa pamoja na pistoni, na ncha ya chini huhesabiwa pamoja na vitu vinavyozunguka.

Pistoni mpya zilikaribia uzito wa ile ya asili, kwa hiyo sikuligusa gurudumu la kiwandani. Lakini kama pistoni zako mpya ni nyepesi au nzito sana, kazi iko. Weka vyuma viwili vilivyonyooka sambamba, uvisawazishe kwa pimamaji, ulaze krankishafti juu yake. Mahali pa mikono ya pistoni ning'iniza uzito ulio sawa na ncha zote za chini, pamoja na ile sehemu ya uzito wa kupanda na kushuka uliyoichagua kwa asilimia. Ikizunguka yenyewe na kusimama mahali pamoja kila mara, upande ulio chini ni mzito. Ikitulia popote unapoiacha, imesawazika. Kutoboa gurudumu ili kulipunguza ni kazi ya mtu mwenye mashine na mwenye subira, maana chuma kilichotolewa hakirudi.

Wakati injini imefunguka, nilibadili pia bushi ya krankishafti upande wa taimingi. Katika injini hizi bushi hiyo ikilika, shafti huruka ndani yake, na usawazishaji wote huwa bure. Nikasafisha na njia ya oili iliyomo ndani ya krankishafti, ambamo takataka za miaka zilikuwa zimeganda kama udongo wa mto.

TANO, YANAYOBAKI UYAPE MPIRA

Mtetemo uliobaki usiachiwe kufika kwenye tangi na mikononi. Tangi sasa limekaa juu ya mipira mipya, wala bolti zake hazigusi chuma kwa chuma. Nilipeleka tangi kuzibwa baada ya kuoshwa na kujazwa maji, maana tangi tupu la petroli lina mvuke, na mvuke huua mafundi. Ndani ya ncha za usukani nilitia risasi, kwa kuwa chuma kizito hakikubali upesi kutikiswa. Nati zote za nje nimeziwekea washa za kushika, na kila Jumamosi nazipitia kwa spana.

Msidhani haya ni ya starehe tu. Wachimbaji wa migodi wanaoshika mashine za kutoboa mwamba miaka mingi hupatwa na ugonjwa wa vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi, na kwa wengine vidole havirudi hali yake. Mwili una kumbukumbu.

Viwanda navyo vilifika kwenye hekima hiyo hiyo. Norton Commando ya mwaka 1967 iliifunga injini yake juu ya mipira, ikauacha mtetemo na kumwepusha nao mpanda pikipiki. Wengine walitia shafti ndogo za kuzunguka kinyume, na Yamaha katika TRX850 ya mwaka 1995 ilipanga pistoni zisiende pamoja wala zisipokezane, bali zipishane kwa digrii 270.

SIKU YA KUJARIBU

Wiki moja kabla ya Krismasi mzee alivaa koti lake, akaipiga teke injini, ikawaka kwa mara ya pili. Akaenda peke yake mpaka Bwera. Mimi nikakaa nyumbani nikitazama barabara kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Aliporudi alizima injini, akapitisha mkono chini ya tangi, akanusa vidole. Vilikuwa vikavu.

"Mwanangu," akasema, "bado inatetemeka."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ndivyo ilivyozaliwa."

"Lakini sasa inatetemeka kwa adabu."

Daftari langu linaonyesha kioo safi mpaka maili 58. Tangi halijapasuka tena, na binti wa kaka yangu amekwisha kupanda nyuma kwa ruhusa ya mzee, ingawa bado hunusa kila tukifika Kikorongo.

Wanafunzi, mwalimu wenu wa fizikia akiwaandikia ubaoni habari za uzito na mraba wa mwendo, msiulize hesabu hizo zitawafaa wapi. Gramu 38 nilizozikuta kwenye mizani ya vanila zilikuwa karibu kutuchoma moto barabarani. Na ninyi mafundi wenzangu, mkifungua injini ya mtu, pimeni kabla ya kufunga. Mwenye pikipiki haoni kilichomo ndani, anawaamini ninyi.